Kisu cha Sponji

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa zahanati amenipima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akauliza, "Mama, kuna mtu anakuudhi?" Nikamwambia wapo wengi, achukue kalamu. Akacheka. Akasema kalamu nichukue mwenyewe, niandike kila ninapojisikia kuchemka, badala ya kulala na mambo kifuani. Haya. Nimechukua daftari la mwanangu la hesabu, ambalo limebaki tupu kuanzia katikati, na hilo nalo linaniudhi.

Nianze na Malkia. Siyo jina lake, nimempa mimi kimoyomoyo kwa jinsi anavyokaa kwenye kiti chake, mgongo wima, kama anasubiri kupigiwa magoti. Ni mshonaji wa karakana yetu ya makochi. Mimi nakata sponji, yeye anashona kitambaa cha kuivalisha. Nikikosea mimi, watu wanasema mkataji kaharibu. Akikosea yeye, wanasema kitambaa kilikuwa kibovu.

Mimi si mtu wa wivu. Naandika tu yaliyotokea.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza rasmi. Paa la karakana linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kichwa changu.

Bosi ametangaza kwamba mvua zikiisha atachagua msimamizi, kwa sababu yeye magoti yameanza kumsumbua. "Nataka mtu mwenye utulivu," akasema, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Malkia. Malkia akainamisha kichwa, eti anaona aibu. Nani alimfundisha kupima kochi la pembeni alipokuja hapa hajui kushoto wala kulia? Mimi. Nani alimwachia nafasi karibu na dirisha? Mimi huyuhuyu, mjinga mkubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimenoa kisu changu hapa nyumbani, kwenye jiwe la kizingitini.

Kisu cha sponji si kisu cha jikoni. Ni kirefu, chembamba, unakipaka sabuni ya mche ili kiteleze, na kikiwa kikali kinapita kwenye sponji bila sauti. Kila mkataji ana chake na hakiguswi na mtu mwingine, kama mswaki. Mpini wa changu nimeufunga kipande cha mahameli nyekundu kisiniteleze mkononi. Mashine ya kunolea ya kazini inakula chuma, ndiyo maana Jumamosi nakirudisha nyumbani, nimekiviringisha ndani ya kipande cha sponji, na Jumatatu nakwenda nacho.

Ngongoti alinishikia mwavuli nikiwa nanoa. Huyo ndiye mwanangu, mmoja tu niliyenaye. Wenzake wamempa jina hilo kwa urefu wake. Baba yake aliondoka mtoto hajaota meno, sina haja ya kumweka humu. Basi amesimama na mwavuli, amenikinga mimi, yeye analowa bega zima. Na mimi badala ya kusema asante nikasema, "Mwenzako Kapteni kaitwa timu ya shule zote. Mama yake hapumui kwa kujisifu. Wewe unaitwa wapi?"

Akasema, "Nimeitwa hapa, mama, kushika mwavuli."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Kapteni ni mtoto wa Malkia. Wamekua pamoja hawa wawili, na mpaka leo Ngongoti anamwita Malkia "mama mkubwa". Mimi ndiye niliyemfundisha kumwita hivyo, zamani hizo. Siku hizi kila akilitamka linanichoma.

Jumatatu, 10 Machi

Kisu kimeibiwa!

Nimefika kazini, nimevaa aproni, nimefungua mkoba, nimekunjua ule mviringo wa sponji, ndani hakuna kitu. Mkoba niliuacha kwenye msumari wakati nakwenda chooni. Na nani kakaa karibu na ule msumari? Nani anataka nionekane mzembe mbele ya Bosi, mwezi huu wa kuchaguliwa msimamizi?

Nilipiga kelele mpaka mpiga vanishi akaingia na brashi inadondosha vanishi. Nikamnyooshea Malkia kidole. Nikasema mbele ya wote, "Nirudishie kisu changu. Usimamizi chukua, lakini kisu nirudishie."

Malkia akasema taratibu, "Mdogo wangu, sijakigusa. Tafuta hata kwenye droo."

Nikatafuta kwenye droo. Hakikuwemo. Hata huo upole wake niliuona ni ushahidi. Nilimwambia mwizi mzoefu haweki mali kwenye droo.

Nimerudi nyumbani nikamsimulia Ngongoti yote, nimesimama, kijiko mkononi. Akaniuliza, "Una hakika ulikwenda nacho?" Nikamwambia ana mdomo mchafu kama wa baba yake, mimi najua nilichobeba. Akachukua ndoo, akatoka kuchota maji.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mimi na Malkia hatusemezani.

Jumatano, 12 Machi

Bosi kanipa kisu cha akiba. Butu, kinararua. Leo nimeharibu mito na Malkia kairekebisha kwa kuishonea pindo pana. Hakusema neno. Natamani angesema.

Ijumaa, 14 Machi

Ngongoti kanyeshewa uwanjani, karudi akafua nguo zake mwenyewe bila kuambiwa. Labda maneno yangu yameanza kuingia.

Jumamosi, 15 Machi

Kapteni amechomwa kisu.

Nimeikuta habari kazini, imefika kabla yangu. Jana jioni, mechi ilivunjika kwa mvua, watoto wakatawanyika, yeye akaokotwa nyuma ya kibanda cha kubadilishia nguo, kachomwa ubavuni. Amefanyiwa upasuaji. Anapumua, lakini hajasema kitu. Aliyemchoma hajulikani.

Nikakaa juu ya sponji. Mtoto huyo nimemlisha kwa mikono yangu. Nililia, na yalikuwa machozi ya kweli, naandika ili nikumbuke hivyo.

Maana baadaye mambo mengine yaliniingia. Bosi alifunga karakana mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya, hata siku niliyojikata kidole. Mpiga vanishi alikuwa analia kwa sauti. Wote wakapanga nani atapika, nani atalala hospitali na Malkia, nani atamfulia. Nikajikuta nawaza, hivi ingekuwa wangu, nani angenifulia?

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda hospitali. Kitanda cha Kapteni kimezungukwa kama meza ya sherehe. Matunda, chupa za chai, shuka mpya. Mwalimu mkuu kaja. Timu nzima imesimama ukutani na viatu vya matope, na muuguzi hawafukuzi. Malkia katikati, macho mekundu, mgongo wima uleule.

Akaniona. Nilidhani atanitolea nje mbele ya watu, na ningemwelewa. Akanishika mkono. "Ahsante kwa kuja, mdogo wangu." Basi. Wote wakamtazama kwa huruma na kumstahi, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyekuja kuomba msamaha bila kuombwa.

Nimetoka nimefura. Yaani hata msiba wake anaubeba vizuri kuliko mimi.

Ngongoti amekataa kwenda kumwona mwenzake. Anasema tumbo. Tangu Ijumaa hali chakula vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Askari wa upelelezi amekuja karakana, mwanamke, koti la mvua linachuruzika sakafuni. Akaomba mashine zizimwe. Akatoa mfuko wa plastiki akauweka juu ya meza yangu ya kukatia.

Ndani kilikuwa kisu changu, na mahameli nyekundu imekuwa nyeusi.

"Kimeokotwa mtaroni, nyuma ya uwanja," akasema. "Kuna anayekifahamu?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Ni changu."

"Mara ya mwisho ulikuwa nacho wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Sikufikiri, nilijua tu, kama unavyojua umesahau jiko linawaka. Jumamosi, kizingiti, mwavuli. Mviringo wa sponji niliobeba Jumatatu ulikuwa mwepesi tangu mlangoni kwangu, na sikuufungua, kwa sababu njiani kote nilikuwa namwaza Malkia.

Na mdomo wangu ukasema, "Kilipotea hapa kazini. Jumatatu ya wiki iliyopita. Waulize wote, nilipiga kelele."

"Ni kweli," mpiga vanishi akasema. "Alipiga kelele sana."

"Ulimshuku nani?"

Mpiga vanishi, Mungu ampe akili, akasema, "Alimshuku mshonaji. Mama yake huyo mtoto."

Askari akaacha kuandika. Akakitazama kiti kitupu cha Malkia karibu na dirisha. "Kwa hiyo huenda kisu kilikuwa nyumbani kwa majeruhi. Huenda kijana mwenyewe ndiye alikwenda nacho uwanjani."

Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa na nafasi ya kulisema mpaka alipofunga kalamu, akavaa kofia ya koti, akatoka. Sikulisema.

Jumatano hiihii, usiku

Nimemwandalia Ngongoti chakula nikakaa mbele yake. Sikumuuliza. Nikamwambia, "Askari kaja na kisu. Nimemwambia kilipotea kazini."

Akaacha kutafuna.

"Umemwambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Na mama mkubwa je?"

"Mama mkubwa ana watu wa kumtetea. Kula."

Hakula.

Ijumaa, 21 Machi

Habari imeshafika kila mahali kwamba Kapteni alijichongea mwenyewe, kisu kilikuwa chake. Kocha kamwondoa kwenye orodha ya timu ya shule zote mpaka "mambo yaeleweke". Kule hospitali wageni wamepungua. Mpiga vanishi anasema Malkia leo alikuwa peke yake, anamlisha mwanawe supu.

Sikujisikia nilivyodhani ningejisikia.

Jumamosi, 22 Machi

Ngongoti alikuwa amelala. Nimeupekua mkoba wake wa shule. Bitana ya ndani imechanika, mchano mmoja mrefu, mnyoofu, na pembeni yake pana uweupe wa sabuni iliyokauka. Mchano wa kisu changu naujua.

Nimeifuta sabuni kwa kitambaa cha maji. Nikatia uzi kwenye sindano, nikaishona bitana. Mshono wangu ni mbaya, umejikunja kama jeraha. Malkia angecheka.

Nimeuning'iniza mkoba pale ulipokuwa. Namtazama mwanangu alivyolala, miguu imezidi kitanda. Wangu ni huyu. Wa kwake anapona.

Jumapili, 23 Machi

Kaona mshono. Alikuwa anatia vitabu, mkono ukagusa. Akanitazama. Nikageuka nikaendelea kuchagua mchele ambao haukuwa na mchanga.

Jumatatu, 24 Machi

Nitaandika polepole.

Simu imelia nikiwa kazini. Malkia. Nikatoka nje kwenye mvua kuipokea.

"Njoo kituoni," akasema. "Niko na mwanao."

Nilikimbia na aproni. Nimewakuta kwenye benchi la korido. Ngongoti kavaa sare ya shule, na mabegani ana khanga ya Malkia, kwa sababu alikuwa amelowa. Mkono wa Malkia ulikuwa juu ya goti lake, haumpapasi, umemshikilia tu asiinuke. Nilichokiona kwanza ni huo mkono. Kabla ya askari, kabla ya pingu zilizokuwa mezani, niliuona huo mkono, nikataka kuung'oa.

"Kaja hospitali asubuhi," Malkia akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kapiga magoti pale chini, mbele ya mwanangu. Kasema."

Nikamwambia Ngongoti, "Mwanangu, usiseme kitu."

"Nimeshasema, mama."

Alikichomoa kisu kwenye mviringo wa sponji Jumamosi ile, nilipoingia ndani kuwasha jiko. Kuna vijana wanaowavizia njiani na kuwanyang'anya simu, akataka awe na kitu cha kuwaonyesha, akirudishe Jumatatu jioni, nidhani nilikisahau nyumbani. Jumatatu jioni nikarudi nimeshamwita mama mkubwa mwizi mbele ya karakana nzima. Akaogopa kukitoa. Ijumaa, nyuma ya kibanda, Kapteni akamkaba shati. "Mama yako kamwita mama yangu mwizi. Kila mtu anajua." Na Ngongoti akafungua mkoba.

"Nilikitoa nimwonyeshe," akasema. Alikuwa anaongea na sakafu. "Nimwonyeshe kwamba mama mkubwa hakuiba. Yeye alipokiona akasema kumbe mwizi ni wewe, akanizaba kofi. Akacheka. Nikamchoma. Sikuteleza, mama, usiwaambie niliteleza. Nilimchoma."

Na Kapteni, ambaye alikuwa ameshapata sauti siku zote hizo, alikuwa anawaambia askari hakumwona mtu, giza.

Nikauliza swali moja tu. Nilikuwa na mengi ya kuuliza, lakini lililotoka ni hili, "Kwa nini ulikwenda kwake? Kwa nini hukuja kwangu?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ulishanificha, mama. Hata kuniuliza hukuniuliza."

Malkia akageuza uso kuelekea ukutani. Hata hapo alinipa heshima ya kutonitazama, na hata hapo nilimchukia kwa hiyo heshima.

Askari akaniita nitoe maelezo. Kisu kilitokea wapi? Nikasema sikumbuki vizuri. Nikasema kichwa kinaniuma. Akaniambia nirudi nitakapokumbuka, maana bila maelezo yangu mama yule bado ana doa la wizi, na mtoto wake bado ndiye aliyekwenda na kisu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepeleka nguo mahabusu ya watoto. Mlinzi kaingia, katoka, kasema, "Samahani mama, anasema hayuko tayari kukuona." Nguo kazipokea.

Jumanne, 1 Aprili

Leo hataki tena. Nimeuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuja kumwona. Mlinzi kasema hilo haruhusiwi kuniambia, kwa hiyo nimejua.

Alhamisi, 3 Aprili

Malkia karudi kazini. Bosi hakungoja mvua ziishe, kamtangaza msimamizi leo asubuhi. Watu wakapiga makofi kidogo, kwa sababu yangu, na hicho kidogo kilikuwa kibaya kuliko makofi mengi. Nilitafuta ule wivu wangu wa usimamizi, sikuupata. Umehamia kwingine. Hata angepewa karakana nzima, paa na bati zake, kinachoniuma ni kwamba alipata kupigiwa magoti na mwanangu, na mimi nikapata mshono wa bitana.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikujiandaa. Nilikuwa nakata mto, kile kisu butu kikakwama, nikakiweka chini. Nikasema kwa sauti, "Zimeni mashine."

Wakadhani nimejikata.

Nikasema, "Kisu hakikuibiwa hapa. Kilikuwa nyumbani kwangu, Jumamosi nilikinoa kwa mkono wangu. Mshonaji hakukigusa. Nilimsingizia. Na askari alipokuja nilikuwa nimeshajua, nikanyamaza."

Mpiga vanishi akasema, "Ewe mama wee." Bosi akakaa. Malkia aliendelea kukunja kitambaa, pindo kwa pindo, mpaka kikaisha. Kisha akasema, "Mimi umeshanieleza. Nenda kamweleze askari."

"Nakwenda."

"Sasa hivi. Mvua isiwe sababu."

Nilikwenda bila mwavuli. Nikayasema yote, na ya bitana pia. Askari alinitazama sana aliponiona naweka kidole gumba kwenye wino, kisha akaniambia kwamba la bitana lina sheria yake na huenda nikaitwa. Nikamwambia aniite.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo jua limetoka kidogo. Nimepanga foleni mahabusu tangu asubuhi na mfuko wa machungwa. Zamu yangu ilipofika dirishani, mlinzi mpya, kijana, akauliza, "Unamwona nani?" Nikamtajia. "Wewe ni nani kwake?"

"Mama yake."

Akashusha macho kwenye daftari la wageni. "Mama yake ameshaingia."

Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Nikasema, mdomo mzito, "Basi nitamsubiri atoke."

Nikakaa kwenye benchi na machungwa mapajani. Malkia akatoka, mgongo wima. Akaniona, akakaa mwisho wa benchi, pengo la mtu mmoja kati yetu.

"Usifikiri nakuja kwa mapenzi," akasema. "Siku ile alipopiga magoti aliniomba kitu kimoja, nije nimwambie siku Kapteni atakapoanza kutembea. Jana katembea mpaka mlangoni. Nimekuja kumwambia."

"Umemsamehe?"

"Yeye? Robo." Akafunga kitambaa chake kichwani upya. "Wewe bado."

"Na hiyo robo..." Nikashindwa kumalizia. Nilitaka kumuuliza alilipwa nini, alipewa nini, hiyo robo ilipatikanaje, mbona mimi sipati hata ya kwangu.

Akanielewa, maana ananijua. "Alisema mwenyewe, kabla sijamuuliza," akasema. Akainuka. Alipofika getini akageuka. "Nimemwambia pia ulichosema karakana. Alinifanya nirudie."

Mlinzi akaniita.

Chumba kile kina meza moja na viti vya plastiki. Ngongoti alikuwa amekaa, kanyolewa, masikio yamekuwa makubwa. Hakuinuka. Nikaweka machungwa mezani, yakabingirika, hakuna aliyeyashika.

"Ni kweli umesema?" akaniuliza.

"Kisu kilikuwa nyumbani," nikasema. "Nilikinoa mimi. Mama mkubwa hakuiba. Nilijua, na nilikushonea mkoba."

Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka kama alipokuwa mdogo, akajaribu kuuzuia kwa mkono, mkono ukashindwa. Akalia. Alilia mabega yote yanacheza, akaweka kichwa chake juu ya meza kati ya machungwa, nikakishika.

Nilimuuliza baadaye, alipotulia, kama kwa mama mkubwa naye alilia hivi.

Akatikisa kichwa. Hakulia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.